UZI: Genoa Keawe, mama wa watoto 12 aliyeimba Kihawaii mpaka miaka 89

#1 – Mleta uzi

Wakuu salaam. Leo niko ofu, theluji imejaa mlangoni na sina pa kwenda, kwa hiyo acha niandike kitu ambacho nimekaa nacho moyoni muda mrefu. Uzi ni mrefu, asiye na nafasi aweke kambi arudi usiku.

Mi nabeba boksi huku Salt Lake City, Utah, usafi wa usiku kwenye jengo la maofisi. Kundi letu ni mchanganyiko, kuna sisi wa Bongo, kuna Wakongo, Warundi, na wamama wa visiwa vya Pasifiki, Watonga na Wasamoa, na mmoja Mhawaii mtu mzima ambaye wote tunamwita Aunty maana ndivyo kwao mtu mzima anavyoitwa hata kama hamna undugu, kama sisi tunavyosema mama au shangazi. Wahawaii huku Utah hawakuanza kuja jana, wengi ni watu wa kanisa la Wamormoni na kanisa hilo lilishika mizizi kwao tangu karne ya 19.

Huyu Aunty kila akipiga deki anaimba chini chini. Siku moja saa nane usiku tumekaa tunakula akaweka simu mezani akasema msikilizeni mtu wa kwetu. Ikaanza gitaa, ukulele (kile kigitaa kidogo), besi, ile midundo ya kubembea, halafu akaingia mama mmoja na sauti nyembamba kali kama kioo, anaimba kwa furaha, mara akafika sehemu akashika noti moja juu kabisa na hakuiachia. Bendi inazunguka, inarudi mwanzo, inazunguka tena, mama bado yuko pale pale. Sisi tumeacha kutafuna. Mrundi mmoja akaanza kuhesabu kwa vidole, Aunty akamshika mkono akamwambia acha kuhesabu, sikiliza maneno yanayokuja baada ya hapo.

Wimbo ulikuwa ʻAlika na muimbaji ni Genoa Keawe. Nikaenda kumtafuta na kila nilichokuta kilizidi kunikalisha chini, ndio maana ya huu uzi. Watu wengi waliowahi kumsikia wanamjua kwa ile noti tu. Mi nataka nieleze kwamba noti ni kadirisha kadogo, nyumba yenyewe ni kubwa.

MWANZO

Alizaliwa 31 Oktoba 1918 Kakaʻako, Honolulu, mtaa wa watu wa kazi za mikono karibu na bandari. Akakulia Lāʻie, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Oʻahu, kijiji cha Wamormoni, na huko ndiko alikojifunzia kuimba, kanisani kwenye kwaya. Hii tuielewe vizuri maana sisi wenyewe tunajua kwaya inavyotengeneza waimbaji, unajifunza kusikiliza wenzako, unajifunza pumzi, unajifunza kutamka neno lisikike mpaka benchi la nyuma.

Akaolewa ana miaka 16. Akazaa watoto 12. Narudia, kumi na wawili. Kwa hiyo tukisema kazi yake ya muziki msifikirie binti ameondoka nyumbani na gitaa kwenda kutafuta ustaa. Huyu ni mama mwenye nyumba imejaa, anaimba pale nafasi inapopatikana. Wakati wa vita kuu ya pili Oʻahu ilikuwa imejaa wanajeshi, akaanza kuimba kwenye klabu ya maofisa wa jeshi kule Kailua.

Aliyemfungulia mlango ni John Kameaaloha Almeida. Huyu mzee naye anastahili uzi wake. Alipofuka akiwa mtoto, akawa mpigaji mandolini, mtunzi wa nyimbo nyingi sana za Kihawaii, mtu wa redio, na kwenye lebo moja ndogo ya Honolulu iliyoitwa 49th State ndiye aliyekuwa anasimamia muziki. Jina la hiyo lebo lina historia yake, walikuwa na matumaini Hawaii itakuwa jimbo la 49 la Marekani, sasa Januari 1959 Alaska ikatangulia, Hawaii ikaingia Agosti mwaka ule ule ikawa ya 50.

Mwaka 1946 Almeida akamuingiza Genoa studio, wakarekodi Maile Swing, utunzi wa mzee mwenyewe. Mama alikuwa anakaribia miaka 28. Maile ni mmea unaotambaa, majani yake yananukia, wanasuka mashada ya kuvaa shingoni. Ukisikiliza unaweza kudhani ni wimbo wa majani. Sio majani, ni mtu. Wahawaii wana mafumbo yao kwenye nyimbo wanayaita kaona, mvua sio mvua, ua sio ua, kilele cha mlima chenye ukungu ni mtu anayejijua mwenyewe akisikia. Watu wa Pwani humu nadhani sina haja ya kuwaeleza zaidi, nyinyi mafumbo mmezaliwa nayo.

PESA ZILIKUWA WAPI

Hapa naomba mnivumilie maana ndio penyewe.

Mwaka 1893 malkia wao Liliʻuokalani alipinduliwa na kikundi cha wafanyabiashara wazungu huku wanajeshi wa Marekani wameshuka kutoka melini. 1896 ikatoka sheria kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. 1898 Marekani ikavichukua visiwa rasmi. Baada ya hapo watoto wakawa wanaadhibiwa shule kwa kusema lugha ya mama zao, na wazazi wengi kwa uchungu wakaamua bora mtoto asiongee kabisa. Genoa amezaliwa 1918, yaani katikati ya hicho kipindi chote.

Sasa muziki. Kufikia miaka ya 30 utalii umeshika Waikiki, na kuanzia 1935 kuna kipindi cha redio Hawaii Calls kinarushwa kutoka ufukweni kwenda Marekani bara. Soko likataka nyimbo za Kiingereza zenye harufu ya Hawaii, mwezi, minazi, kisichana kinacheza, wenyewe wanaziita hapa haole, yaani nusu uzungu. Sisemi zote mbaya, zipo tamu na Genoa mwenyewe zipo alizoimba. Ila mkate ulikuwa huko, na mtu mwenye watoto 12 angehamia huko mazima hakuna ambaye angemlaumu.

Yeye akabaki na nyimbo za Kihawaii. Za mapenzi, za kusifu mahali, za kusifu watu, nyimbo za wazee. Na aliziimba kwa ajili ya wachezaji wa hula, ile ngoma ya asili ya Kihawaii, sio kwa ajili ya kujionyesha yeye.

Nieleze wimbo wa hula wa aina hii unavyoenda maana mi nilikuwa sijui. Beti moja ni mistari miwili tu. Unaimba beti, unarudia ile ile mara ya pili, katikati kuna kipande kifupi cha vyombo kinachozunguka ambacho kinampa mchezaji nafasi ya kubadili na muimbaji kuvuta pumzi, halafu mtu anapiga kelele maneno ya kwanza ya beti inayofuata ili wote wajue tunaenda wapi. Mwisho kabisa kuna mstari wanaoutumia kwenye nyimbo nyingi, haʻina ʻia mai ana ka puana, kwamba basi, kiini cha wimbo kinasemwa. Mchezaji akisikia hapo anajua tunafunga. Mikono yake yote inafuata neno. Ukisema mvua mikono inashuka, ukisema ua mikono inakuwa ua. Sasa muimbaji akila neno, akimung'unya silabi, mchezaji ameshapotea. Genoa hakula neno. Kila silabi unaisikia.

Na hapa kuna kitu kitamu kwetu sisi. Kihawaii kila silabi inaishia na irabu, kama maneno yetu ya Kibantu. Irabu zao ni zile zile tano na zinasomwa kama sisi. Krismasi wao walipoipokea ikawa Kalikimaka. Mswahili akichukua karatasi ya maneno ya Genoa anaweza kusoma na kufuatisha siku ya kwanza kabisa, kinachosumbua ni kile kikoma kidogo kama ʻ ambacho ni kukata sauti kooni. Mi nimejaribu kazini, Aunty alicheka akafurahi mpaka akanikumbatia.

ALBAMU, LEBO YAKE, NA WAJUKUU WA MUZIKI

Miaka ya 60 akatoa Party Hulas chini ya lebo ya Hula Records. Ukiwauliza waliojifunza hula, hiyo sahani ya santuri ni kama daftari la shule. Imerekodiwa kama watu wamekaa uwani kwenye sherehe, hakuna violini vya hotelini, ni vyombo vyao na sauti za wenzake wanaitikia. 1966 akaanzisha lebo yake mwenyewe, Genoa Keawe Records. Mwanamke Mhawaii, mama wa watoto 12, anamiliki rekodi zake mwaka 1966. Mi nimeisoma hiyo sentensi mara tatu.

Miaka ya 70 upepo ukageuka. Vijana wakaanza kuamka, 1976 wakajenga heshima upya kwa kusafiri na mtumbwi Hōkūleʻa mpaka Tahiti wakiongozwa na nyota, 1978 katiba ya jimbo ikakifanya Kihawaii lugha rasmi pamoja na Kiingereza, 1984 ikafunguliwa chekechea ya kwanza ya Pūnana Leo ambako watoto wanaongea Kihawaii tu. Hawa vijana walipotaka nyimbo walizikuta wapi? Kwenye makabati ya bibi zao, kwenye sahani za akina Genoa. Yeye alikuwa na miaka karibu 60 na hakuwa na haja ya kurudi popote maana hakuwahi kuondoka.

Heshima za serikali zikaja uzeeni. Mwaka 2000 akapewa National Heritage Fellowship, hiyo ni tuzo ya juu kabisa ya taifa la Marekani kwa wasanii wa asili. 2005 Chuo Kikuu cha Hawaii kikampa udaktari wa heshima. Na kila Alhamisi jioni alikuwa anaimba kwenye baraza la hoteli pale Waikiki, panaitwa Moana Terrace, na ukulele wake, na shada la maua kichwani, akiwa na miaka themanini na kitu. Akafariki 25 Februari 2008, miaka 89.

Karibuni kwa maswali, sina pa kwenda leo.

#2

Mkuu heshima kwako. Nimesoma neno kwa neno nikiwa kwenye daladala nimepitiliza kituo. Swali, huyu ana uhusiano na yule jamaa mkubwa wa mwili aliyeimba ule wimbo wa upinde wa mvua na ukulele, ule unaowekwa kwenye filamu na matangazo kila siku?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, undugu wa damu sijataja, ila ni mti mmoja. Yule ni Israel Kamakawiwoʻole, amezaliwa 1959, mwaka ambao Hawaii imekuwa jimbo, yaani Genoa ana miaka 40. Ule wimbo alirekodi 1988 usiku wa manane kwa mara moja tu, yeye na ukulele, ukatoka kwenye albamu ya Facing Future 1993. Alifariki 1997 ana miaka 38, mwili wake ukawekwa kwenye jengo la serikali ya jimbo watu wakapanga foleni kuaga, halafu majivu yakamwagwa baharini Mākua.

Ila dunia inamjua kwa wimbo wa Kiingereza. Kabla ya hapo alikaa miaka mingi na kaka yake Skippy kwenye kundi la Mākaha Sons of Niʻihau, wakiimba Kihawaii. Mtu akimpenda Israel na akataka kujua ile njia waliikuta nani kaifyeka, akutane na Aunty Genoa.

#4

Salamu toka Lubumbashi. Mkubwa umenigusa, baba yangu alikuwa fundi wa redio na alituambia gitaa ya Kihawaii ilifika kwetu zamani kabisa. Kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwanzo wa miaka ya 50 kulikuwa na Zacharie Elenga, Jhimmy, wa lebo ya Opika, watu walimjua kwa huo upigaji wa Kihawaii. Wakubwa waliokuja nyuma yake kwenye rumba walikuwa watoto wanamsikiliza. Hiyo mlio ilitoka kisiwani mpaka kwetu njia gani?

#5 – Mleta uzi

Kaka asante sana kwa hii, nimefurahi kweli. Njia ni sahani za gramofoni na maonyesho. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ile gitaa ya kulaza mapajani na kuteleza na chuma juu ya nyuzi ni Joseph Kekuku, na sikiliza, ni mtu wa LĀʻIE, kijiji kile kile alikokulia Genoa. Akiwa kijana wa shule mwisho wa karne ya 19 akaanza kutelezesha chuma kwenye nyuzi. 1904 akaondoka visiwani akazunguka Marekani na Ulaya na hakurudi kuishi kwao tena. 1915 maonyesho makubwa ya San Francisco yakawasha moto, Wamarekani wakawa wananunua muziki wa Kihawaii kupita kiasi, sahani zikasambaa dunia nzima. Kwa hiyo kijiji kimoja kidogo cha wavuvi na mashamba ya miwa kimetoa mlio uliofika Kongo na sauti iliyobaki nyumbani.

Na ukulele nayo ilikuja kwao, Wareno wa Madeira walishuka Honolulu 1879 na meli ya Ravenscrag wana vigitaa vyao vidogo, ndani ya miaka michache Wahawaii wamevifanya vyao.

#6

Mi nitatofautiana kidogo na mleta uzi kwa heshima. Mwisho wa siku aliimba hotelini Waikiki kwa watalii. Hapo tofauti na hao wa nyimbo za minazi iko wapi? Utamaduni ukishaingia hotelini umeshakuwa bidhaa.

#7 – Mleta uzi

Dada au kaka, hoja yako ni ya maana na mimi nilimuuliza Aunty wa kazini hivyo hivyo. Aliwahi kwenda hizo Alhamisi. Jibu lake lilikuwa kwamba ulipokuwa unafika pale mtalii alikuwa yupo, anakunywa soda yake, lakini meza za mbele zilikuwa za wenyeji. Walimu wa hula wanakuja na wanafunzi. Mama mtu mzima amekaa na familia yake, Genoa anaanza wimbo, yule mama anainuka kwenye kiti anacheza, hakuna aliyempanga, kwa sababu wimbo huo ni wa kijiji chao au ni wa jina la bibi yake. Muimbaji anafuata mchezaji, mchezaji anafuata neno. Ndio hivyo hivyo wanavyofanya uwani kwao.

Kwa hiyo swali sio jengo ni la nani, ni nani anayeamua kinachoimbwa. Hoteli haikumbadilishia wimbo. Mtalii ndiye aliyekuwa mgeni pale hata kama amelipia chumba. Hilo mi naliamini kabisa na sirudi nyuma.

#8

Tiririka mkuu. Mi ni mwalimu wa kwaya Moshi. Hebu eleza hiyo sauti ya juu, ni ile ya kupanda na kushuka ya Waswisi? Maana sisi tunafundisha muimbaji afiche pale sauti inapobadilika.

#9 – Mleta uzi

Mwalimu umeuliza pazuri kuliko wote. Sauti zetu zina ya kifuani na ya kichwani, na katikati kuna pale inapovunjika. Mafunzo ya Kizungu yanataka hapo pawe laini kusiwe na mshono. Wahawaii wanafanya kinyume, ule mvunjiko ndio pambo, wanauita haʻi, na neno lenyewe maana yake ni kuvunja. Muimbaji anavuka kwa makusudi na unasikia kabisa kama mtu anaruka mfereji. Ila harukiruki mfululizo kama wale wa milimani Ulaya, anavunja kwenye irabu moja iliyochaguliwa, basi.

Kabla ya Genoa kulikuwa na Lena Machado, wakati wake kulikuwa na Linda Dela Cruz, hao watatu ukiwasikiliza kwa mfululizo utaona kila mmoja anavunja kivyake. Ya Genoa ni kavu, nyembamba, haina mtetemo mwingi, kwa hiyo inapita juu ya vyombo vyote bila kupiga kelele. Miaka ya 90 Amy Hānaialiʻi Gilliom akaurudisha uimbaji huo kwa vijana ukawika tena.

Na ile noti ya ʻAlika, zaidi ya dakika moja alikuwa anaishika, hata uzeeni. ʻAlika ni jina la meli, kwa hiyo mwalimu ukisikiliza fikiria chombo kinachokata maji na hakisimami. Halafu anapoiachia anarudi kwenye maneno bila kuhema, beti inayofuata inaanza kwa wakati wake, kila silabi mahali pake. Hapo ndipo Aunty alipomshika yule Mrundi mkono.

#10

Shukrani mkuu, nimeelewa mpaka nywele zimesimama. Niambie tu nianze na nini, vocha yangu ni ya shida.

#11 – Mleta uzi

Anza na Party Hulas, sikiliza yote kwa mfululizo kama dakika thelathini hivi, usirukeruke. Ukitaka moja tu basi ʻAlika. Ukipata kifurushi kikubwa tafuta video za zile Alhamisi. Familia yake iliendelea pale pale baada ya yeye kuondoka, na mjukuu wake Pōmaikaʻi anaimba nyimbo za bibi. Nilimwonyesha Aunty video moja juzi wakati wa kula, akaniomba simu akaishika kwa mikono miwili, chakula chake kikapoa.

Acha nikasukume theluji, kesho saa nne usiku naingia kazini.